Unataka kuhama na watoto kwenda nje na mwenzio hataki? Soma hii kabla hujakata tiketi

Niseme mapema, mimi sio wakili. Mimi ni nesi, nilikuja Uingereza 2023 nikiwa nimeshaachana na baba watoto wangu, watoto wakanifuata mwaka uliofuata, na hapo katikati tulivutana mimi na yeye miezi saba mpaka mjomba wake akatuambia nyie mnagombania hawa watoto kama sahani ya pilau ya shughuli. Naandika kwa sababu msg ni ileile kila siku, "dada nimepata kazi nje, baba mtoto kakataa kusaini, nifanyeje", na akina kaka pia wapo tena wengi, mke ndo kagoma.

Tuanze na kutoroka maana najua ndo wazo linalokuja saa nane za usiku. Kuna mtu atakwambia we nenda tu, mbona fulani alienda. Usiende. Pasipoti ya mtoto yenyewe ya Tanzania, Uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi, ada shilingi 150,000, sasa mwingine anaona njia rahisi ni kumsainia mwenzie, yaani anachukua sahihi kwenye kadi ya harusi anaiga. Hiyo ni kughushi, ni jinai, na ile karatasi haipotei, inakaa kwenye faili inakusubiri siku baba mtoto akienda kulalamika. Na usijidanganye kwamba ukishavuka umeshinda. Kuna mkataba wa Hague wa 1980 wa watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja kwenda nchi nyingine, unahusu watoto chini ya miaka 16, Uingereza, Canada na Marekani zimo, Tanzania na Kenya hazimo. Watu wakisikia hazimo wanafurahi, wanaona hakuna wa kuwagusa. Lakini Mahakama Kuu ya huku ina mamlaka yake ya kuamuru mtoto arudishwe alikotoka hata kama nchi hiyo haimo kwenye mkataba, ikiona ndo kheri ya mtoto, kwaiyo unaweza ukawa umeshanunua mpaka majaketi ya baridi ndo unaletewa barua. Afu kwa kuwa hatumo, mzazi anayebaki Bongo anaogopa mara mbili, anajua hana ofisi ya kukimbilia kirahisi usipomrudisha mtoto. Hiyo hofu yake ina msingi, sio ukorofi. Shika hilo maana mambo mengi yatarudi hapo.

Hatua ya kwanza kabisa kabla ya wakili na kabla ya kikao chochote, jua anakataa nini. Mimi nilipoteza miezi minne naeleza faida za ulaya, shule nzuri, hospitali bure, watoto watajua kingereza, na kila nikieleza yeye anazidi kuwa mgumu, nikaona huyu ana roho mbaya tu anataka kunikomoa. Siku ya kikao Tabata kwa mjomba wake, watu tumekaa, chai imepoa, mjomba akamuuliza swali moja tu, "we unaogopa nini?" Akanyamaza weee, afu akasema, "nikisaini hapa, nani ataniambia mwanangu kang'oka jino?" Mdogo alikuwa na miaka mitano, jino la mbele lilikuwa limeanza kucheza wiki hiyo. Sikuwa hata najua kama yeye kaliona.

Pale ndo nikaelewa ugomvi wetu haukuwa kuhusu Uingereza. Alikuwa anaogopa kufutika. Na mtu anayeogopa kufutika ukimwambia habari za shule nzuri ni kama unamwambia watoto watakuwa na raha bila wewe. Kwaiyo geuza maongezi, usiuze nchi, uza nafasi yake kwenye maisha ya mtoto ukishahama. Wengine hofu yao ni nyingine, dini ya mtoto, au "ataolewa huko mtoto aitwe jina la mtu mwingine", au ni bibi mzaa baba ndo anayekataa na mwanae anaona aibu kusema. Au ni hela, kwamba ataendelea kudaiwa matumizi ya mtoto asiyemuona. Uliza, nyamaza, sikiliza. Kama mkikaa wawili mnatukanana basi wekeni mtu katikati, mjomba, shangazi, mchungaji, shehe, yeyote ambaye upande wake unamheshimu, narudia upande WAKE, maana ukileta dada yako unakuwa umeleta jeshi.

Sasa mkishaanza kuelewana, andikeni. Sio "tumekubaliana" ya mdomo, sio voisi noti. Makubaliano yetu yalikuwa kurasa tatu na mwanzo niliona tunazidisha, leo nashukuru. Muweke watoto wanaishi wapi na nani, shule nani anaamua, akiugua kabisa nani anapigiwa kwanza. Vidiokol siku gani saa ngapi. Likizo ndefu wanakuja Tanzania mara ngapi na nauli ya nani, na hapa wekeni ukweli wa mfuko wenu, sisi tuliandika kila baada ya miaka miwili nalipa mimi, katikati hapo akipata nauli anakuja yeye, kuliko kuandika kila mwaka afu mwaka wa kwanza tu ukashindwa na tayari umeshakuwa muongo. Pasipoti za watoto zinakaa na nani wakiwa Bongo. Dini. Lugha pia, baba yao alisisitiza nyumbani niongee nao kiswahili na nikaona ana haki, mtoto asiyeweza kuongea na baba yake bila mkalimani keshapotea. Na mkitaka kubadilisha kitu mnabadilishaje. Afu mpeleke kwa wakili mkaape na kugongewa muhuri, kila mtu abaki na nakala yake halisi.

Kuhusu saa ngapi nataka nikae kidogo maana hapa ndo tulikaribia kuvunja kila kitu. Tuliandika Jumamosi saa saba mchana kwa saa za Dar, ambayo kwa Uingereza wakati wa joto ni saa tano asubuhi. Nikazoea, Jumamosi saa tano nashika simu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku wanarudisha saa nyuma lisaa limoja, mimi sikuwaza, Jumamosi iliyofuata nikapiga saa tano yangu kama kawaida, kumbe kule ishafika saa nane. Baba watu kakaa lisaa zima na simu mkononi, amewaita na wadogo zake waje waongee na watoto, simu haiji. Nilipopiga hakupokea. Baadae nikakuta msg, "nilijua tu." Yaani siku ile nililia. Basi we andika kabisa kwenye makubaliano, saa ni za Dar es Salaam, Machi na Oktoba anayekaa ulaya ndo anayebadilisha saa yake ya kupiga.

Akikataa kabisa kabisa je

Hapo unaingia kwenye ofisi. Anza ustawi wa jamii, kila halmashauri wapo, wanaita wote wawili, wanasikiliza, na haulipii. Wengine wanadharau ustawi wanataka kuruka moja kwa moja mahakamani, lakini huyo afisa ustawi ndo mahakama itakayemwagiza aje aangalie nyumbani na kuandika ripoti, kwaiyo bora akujue mapema kama mtu mstaarabu. Kama ndoa bado ipo na unataka talaka hiyo ni njia nyingine, mnapita kwanza baraza la usuluhishi, iwe la kata, la Bakwata au la kanisani, mpaka mpewe ile fomu namba 3 kwamba usuluhishi umeshindikana. Suala la malezi ya mtoto peke yake linaweza kwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa Dar iko Kisutu. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto, namba 6 ya 2011, na kuna Mahakama ya Kadhi, kwaiyo mtu wa Unguja asichukue ushauri wa mtu wa Mbeya akadhani ndo huohuo.

Akina mama wenzangu, kuna kitu mnapenda kunitumia, kwamba sheria inasema mtoto chini ya miaka saba ni wa mama. Sio hivyo jamani. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaanzia na maslahi ya mtoto, hayo ndo makubwa kuliko yote, na ndani yake kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na sheria hiyohiyo inamwambia hakimu aangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha hamisha kutoka kwa mlezi mmoja kwenda mwingine. Na kumpeleka nje ya nchi nako ni kumvuruga! Afu kifungu kinachofuata cha 126 kinaruhusu mahakama ikupe mtoto na hapohapo ikukataze kumtoa Tanzania. Kwaiyo kushinda malezi sio kushinda safari, omba vyote viwili, omba mahakama iandike waziwazi kwamba una ruhusa ya kuhama nae nchi fulani. Nimeona dada mmoja ana amri nzuri kabisa ya malezi, anaitembeza kila ofisi, na hakuna mstari hata mmoja unaogusa kusafiri.

Hakimu anataka vitu vinavyoshikika. Sio "nina ndoto". Barua ya kazi yenye mshahara, sehemu mtakayokaa ina vyumba vingapi, shule ya karibu, nani atakaa na mtoto ukiwa zamu ya usiku (mimi nesi hili swali lilinitoa jasho), na mpango wa mtoto kuonana na mzazi anayebaki. Hiyo ya mwisho wengi wanaiacha nyuma, kumbe ndo inayoonyesha wewe ni mzazi wa aina gani. Kenya nako wanaosoma, Katiba ya 2010 ibara ya 53 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinampa baba na mama wajibu sawa wawe wameoana au hawajaoana, kwaiyo ile "hatukuoana, hana haki" haikusaidii.

Na kama wewe ndo unayebaki na unahisi mwenzio anapanga kuondoka kimyakimya, usisubiri airport. Nenda mahakamani na wakili uombe zuio la mtoto kutolewa nchini, peleka nakala Uhamiaji, na pasipoti kama unayo wewe usiiache kabatini pale pale. Usimfiche mtoto kwa bibi yake kijijini kama njia ya kujibu, maana mahakamani nyie wote mtaonekana wezi.

Visa nayo ina mambo yake, usichanganye na ridhaa

Hapa watu wengi wanaangukia pua. Unapata sahihi ya baba, unashangilia, unaomba visa, unakataliwa. Uingereza kwa mtoto anayemfuata mzazi mwenye viza ya kazi wanataka wazazi wote wawili wawe huku au wanakuja wote, ukiwa mmoja inabidi uonyeshe wewe peke yako ndo mwenye jukumu la malezi, au kuwe na sababu nzito sana. Sasa angalia mtego ulivyo, unamuahidi baba mtu kwamba ataendelea kuwa na sauti, afu unaenda kuiambia ofisi ya viza kwamba sauti ni yako tu. Barua ya ridhaa pekee haimalizi hilo. Wanachoangalia ni nani amekuwa akifanya maamuzi makubwa ya mtoto kwa muda wote, kwaiyo mimi nilipeleka amri ya mahakama, risiti za ada kwa jina langu, kadi za kliniki, barua ya shule kwamba mzazi wanayemuita ni mimi, na barua ya baba akieleza mwenyewe kwamba anawapenda na anawatembelea ila maamuzi ya shule na matibabu ni ya mama tangu tuachane. Ilikuwa kweli ndo maana aliandika. Kama kwenu mnaamua wote kila kitu usidanganye kwamba baba katoweka, maana anaweza kupigiwa simu, na uongo kwenye viza unaweza kukufungia mlango miaka kumi. Bora uongee na wakili wa uhamiaji wa huku mwenye leseni, sio yule agenti wa Kariakoo anayesema "nna mtu ndani".

Na kabla hata hujaanza kugombana na mtu, hakikisha kazi yako inaruhusu watoto. Walezi wa wazee, wale kea, tangu tarehe 11 Machi 2024 anayeomba upya haruhusiwi kuja na mtoto wala mwenza, na tangu 22 Julai 2025 hawachukui tena kea mpya kutoka nje. Kuna watu wametoana macho na baba watoto kwa safari ambayo haikuwepo. Manesi bado tunaruhusiwa na tumesamehewa ile ada ya afya, yaani ile unayolipa na viza ili utumie hospitali za serikali huku, kwa viza zingine za kazi ada hiyo ni paundi 776 kwa mwaka kwa kila mtoto na inalipwa yote mwanzoni, piga hesabu mwenyewe watoto watatu miaka mitatu. Kipimo cha TB pia kipo kwa sisi tunaotoka Tanzania kukaa zaidi ya miezi sita.

Canada wao wana fomu yao ya mzazi asiyesafiri, IMM 5604, anasaini kwamba amekubali mtoto ahamie. Lakini sikia hili la Canada, hata kama mtoto anakaa na mwenzio na hamna mpango wa kumchukua, mtaje kwenye maombi na apimwe afya. Ukimficha ili kukwepa ugomvi, baadae ukitaka kumdhamini aje unaweza kuambiwa huyu hatumtambui. Lotari ya green card ya Marekani nayo kanuni yake ni kuorodhesha watoto wote wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, hata anaekaa kwa baba yake, hata wa nje ya ndoa ambaye mke hamjui. Wanaume mnanielewa.

Kuna na upande wa pili, mko ulaya na mmoja anataka kurudi nyumbani na watoto. Huku England kumtoa mtoto chini ya miaka 16 bila ridhaa ya kila mwenye haki ya uzazi juu yake ni kosa la jinai, iwe ni kwenda kumuona bibi yake Tanga tu, isipokuwa una amri ya mahakama kwamba anaishi na wewe, hapo unaweza kumtoa chini ya mwezi mmoja. Na kwa sababu Tanzania haimo kwenye ule mkataba, jaji anaweza kutaka dhamana kwanza, pesa iwekwe, viapo, au amri kama ileile itolewe na mahakama ya Tanzania. Sio ubaguzi, wanajua mtoto akibaki huko mwenzio hana pa kushika.

Watoto wenyewe msiwasahau. Sio kumuuliza "unataka kukaa na baba au mama", hilo ni swali la kumvunja mtoto, wangu mkubwa akiwa na miaka tisa shangazi yake alimuuliza hivo na hakula usiku ule. Lakini mahakama ikiona umri unamruhusu itasikiliza anasemaje, na mtoto aliyefundishwa majibu anajulikana dakika ya kwanza. We muambie ukweli mdogo mdogo, tutahama, baba anabaki, Jumamosi mtaongea, na muache alie.

Siku ya kusafiri weka makaratasi kwenye begi la mkononi, sio sanduku la chini. Barua ya ridhaa yenye muhuri na namba ya simu ya anayebaki, nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, amri ya mahakama kama ipo. Sisi pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, afisa aliangalia pasipoti, akaangalia watoto, akauliza baba yuko wapi. Nikatoa barua. Akaisoma yote, taratibu, afu akachukua simu akapiga ile namba. Ikaitia nyuma yetu, baba watoto alikuwa bado amesimama pale nje ya kioo na akapokea huku anatuangalia. "Ndio," akasema, "ni mimi. Waruhusu."

Jino lile liling'oka wiki ya pili tumefika. Mtoto akataka kulirusha juu ya bati kama dada yake alivofanya kwa bibi, na huku nyumba ni vigae na mvua inanyesha, na ilikuwa Jumatano sio siku ya simu. Nikampigia baba yake hivohivo, akiwa kwenye daladala, akamuhesabia mpaka tatu.